Chuma cha Bibi Shingoni Mwangu

Wiki tuliyomzika bibi yangu kulikuwa na ile baridi ya Julai ya Kasense inayokufanya uvae makoti mawili na bado utafute jiko. Nilikuwa nyuma ya nyumba nakoroga uji wa ulezi wa waombolezaji, moshi umenijaa machoni, Deo aliponifuata. Deo ni mtoto wa kaka yangu, daktari kijana aliyemaliza chuo juzijuzi na ambaye bado anatembea na haraka ya wodini hata akiwa kijijini. Akainama kwa adabu, akasema, "Shangazi, kesho ukipewa nafasi ya kusema neno, waeleze vijana ukweli. Waambie chale za bibi nusura zikuue, na kwamba ulimsamehe." Nikaacha kukoroga. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia kwamba nimesamehe. Akadhani natania, akacheka. Nikamwambia hakuna cha kusamehe, na akilirudia neno hilo karibu na jeneza la bibi nitamkemea mbele ya mapadri na watu wote, daktari au si daktari. Uji ukashika chini ya sufuria wakati nafoka, na waombolezaji wakaunywa hivyohivyo na harufu yake ya kuungua.

Katika ukoo wetu habari ya shingo yangu ina matoleo mawili. Toleo la kina Deo linasema bibi alikuwa mshamba aliyenikata wembe na kunipaka uchafu, hospitali ikaniokoa kutoka mikononi mwake. Toleo la shangazi zangu linasema chale ndizo zilizoniponya, na madaktari walikuja tu kumalizia. Nimeyasikia yote mawili kwenye harusi, kwenye ubatizo na sasa kwenye msiba, na watu wanasimulia mbele yangu bila hata kuniuliza. Umri wangu sasa ni wa kuamkiwa na watu wazima, na sina tena subira ya kukaa kimya. Shingo ni yangu, mimi ndiye niliyelala ndani ya ile mashine, kwa hiyo nitasimulia mimi.

Mwaka huo nilikuwa naishi mjini Sumbawanga, mtaa wa Mazwi, katika chumba cha nyuma cha duka la vitenge la Mama Salma. Chumba kilikuwa nusu changu na nusu cha majora ya vitambaa, na usiku nililala nikinusa rangi mpya na dawa ya nondo. Dirisha lilitazama uani, ambako mume wake aliegesha lori. Mchana tulikula pamoja sakafuni, ugali na samaki wakavu walioletwa na mama mmoja wa Milepa, kule ziwani, na Mama Salma alinichambulia miiba kama mtoto mdogo ingawa nilikuwa nimeshachaguliwa kwenda chuo cha ualimu na nilikuwa nasubiri tu mwaka wa masomo uanze. Kazi yangu dukani ilikuwa kuongea. Nilikuwa na sauti, nasema bila haya. Nilisimama mlangoni nikawaita wapita njia, wenye baiskeli wakashuka, wanawake wa Kasense waliokuja kuuza mahindi wakaingia kunicheka na wakatoka na doti ya kitenge. Mama Salma alinifundisha pia kutazama nguo. Usiihukumu ndani ya duka, alisema. Itoe juani, uirudishe kivulini, kisha uisugue kwa mkono wenye maji. Kitambaa ni kilekile, lakini kila mahali kinakuambia jambo lingine.

Uvimbe ulianza chini ya sikio la kulia, nyuma ya taya. Mwanzoni niliuficha kwa ushungi, na Mama Salma akafurahi akidhani naelekea kusilimu. Ulipokua, wateja wakaanza mazungumzo yao. Nikiwa nyuma ya pazia napima kitambaa, niliwasikia. "Hiyo ni tezi." "Tezi gani ya upande mmoja? Mtoto amerogwa, ana mdomo sana." Kijana wa bodaboda aliyekuwa ananisalimia "mambo" kila asubuhi akaacha kunisalimia. Hospitalini pale mjini daktari alinipima kwa ultrasound, kile kifaa wanachokupaka ute kwanza, akasema uvimbe umezama ndani, karibu na mshipa mkubwa wa damu na karibu na mshipa wa fahamu unaobeba sauti, na kwamba yeye hawezi kugusa kisu kabla ya kupata picha ya MRI. Ilibidi twende Dar es Salaam. Jioni ile nilimsikia Mama Salma nyuma ya ukuta akimwambia mumewe, "Mimi ndiye nitakayempeleka. Huyu binti akipoteza sauti atakuwa mwalimu wa nini?" Mpaka wakati huo sikuwa nimefikiria kupoteza sauti. Nilikaa juu ya jora la kitenge nikaanza kujisemea jina langu kwa nguvu, Veronika, Veronika, mpaka mume wake akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Kabla ya safari nilikwenda Kasense kumuaga bibi. Alinitazama shingo, akaniamuru nikae kwenye kigoda mlangoni penye mwanga. "Huendi kwa watu hivyo hivyo," alisema. Alikuwa ameshaandaa kila kitu, wembe mpya ndani ya karatasi yake na kifuu chenye unga mweusi. Pembeni ya shamba letu kuna mabaki ya tanuri la kufulia chuma la zamani, lile ambalo wenyewe tunaliita ilungu, na mtoto yeyote wa kwetu amewahi kucheza na yale mabonge mazito meusi yaliyolizunguka, mavi ya chuma. Bibi alikuwa ametwanga bonge moja na kuchanganya na mkaa na mafuta. Chuma ndicho kilichowaweka watu wetu mjini na vijijini, alisema, kilitupa majembe na kikatupa heshima, kwa hiyo kitajua la kufanya na uvimbe. Sikubishana naye. Nilimpenda, na niliogopa. Akanishika kidevu, akanigeuzia uso upande, na kila alipotaka kukata alisema, "Meza mate sasa. Haya, basi, usimeze tena mpaka nikuambie." Shingo ikicheza wembe unakwenda pabaya. Nikajifunza kulegeza ulimi chini, kupumua kwa pua polepole, na kuacha mate yajae kinywani bila kuyafikiria. Akanichanja kuzunguka uvimbe wote, akapaka ule unga, akaufikicha uingie. Uliwasha mpaka nikalia, naye akalia kidogo pia, huku akinitukana kwa Kifipa kwamba najiliza.

Hospitali ya kwanza huko Dar sitaitaja, maana watu wake walinifanyia mema pia. Lakini mapokezi yao nayakumbuka. "Unatoka wapi?" "Sumbawanga." Basi. Kila Mtanzania anajua utani huo kwamba kwetu ni kwa wachawi, na mimi nimeusikia maisha yangu yote. Nesi akaruka nyuma na kucheka, "Haa, jamani, leo tusigombane na mtu, tutageuzwa fisi!" Walipoona chale ndipo wakaitana. Mmoja akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili aje aone. Walizitazama zile chale kwa muda mrefu kuliko walivyoutazama uvimbe, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kilichopakwa ndani yake. Mama Salma, na baibui lake na sauti yake ya dukani, akawaambia, "Mkimaliza sinema yenu mtuite, tuko hapa kwenye benchi." Nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye tundu, na wewe unasukumwa ndani ya tundu. Inapiga kelele kama mafundi wanaogonga bati. Katikati ya kelele nikahisi shingo inapata moto, pale pale penye chale, kama vile bibi amerudi na kile kifuu. Nikabonyeza mpira wa kuita msaada niliopewa mkononi. Sauti ikaja kwenye spika: "Tulia dada, usicheze, unaharibu picha." Nikasema panaungua. "Ni woga tu. Tulia." Nikatulia, na nilipotoka nikamwonyesha kijana aliyekuwa anaendesha mashine jinsi ngozi ilivyokuwa nyekundu, akasema ni joto la Dar, sisi watu wa baridi hatujalizoea.

Siku chache baadaye daktari wa upasuaji alituketisha. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na aliongea na Mama Salma badala ya kuongea na mimi. Picha alikuwa ameibandika kwenye kisanduku chenye taa. Palikuwa na weupe uliotapakaa kuanzia chini ya sikio hadi ukingo wa taya, na ndani yake shimo jeusi, limekaa kando ya mfupa. Weupe ule, alisema, ni ugonjwa uliosambaa na kuuzunguka mshipa wa damu. Lile shimo linaonyesha mfupa unaliwa. Ili kuokoa maisha itabidi aondoe kipande cha taya, na ule mshipa wa fahamu wa sauti hawezi kuuacha. "Sauti itakuwa ya kunong'ona," alisema. "Lakini atakuwa hai. Tumpange Alhamisi." Mama Salma akanitazama. Nikasimama na kusema sipangwi. Daktari akauliza kama nimemwelewa. Nikamwambia nimemwelewa vizuri sana, na kwamba nataka picha nyingine, kwa sababu mashine yao iliniunguza, nikasema, na mtu akaniambia ni joto la Dar. Akaanza kuniambia habari za watu wanaochelewesha matibabu kwa imani za kienyeji. Pale ndipo nilipopandisha sauti. Nilimwambia sijakataa kisu, niko tayari hata leo, lakini kabla mtu hajachukua sauti yangu atanithibitishia kwamba anaijua njia, na kama hawezi, anielekeze kwa anayeweza. Nilisema haya kwa sauti kubwa mno, hata mlango ukafunguliwa na watu wakachungulia. Bado nafurahi kwamba niliipandisha.

Ni haki nitaje kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetuelekeza. Alizitazama tena picha, akasema kuna hospitali nyingine ambako yuko mtaalamu wa MRI anayeitwa Rehema, tumwombe atupige upya na tumletee. Rehema alikuwa mwanamke mfupi aliyependa kutafuna karanga mezani kwake. Tulimwamkia shikamoo ingawa hakuwa mkubwa sana, akaitikia na kucheka. Hakuniuliza ninatoka wapi. Alinishika kidevu, akanigeuzia uso upande kama bibi alivyofanya, akapitisha kidole juu ya chale. "Hizi zilikuwa za moto ndani ya mashine?" aliuliza. Nikasema ndiyo, nikaanza kulia hapohapo, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza. "Walipaka nini?" Nikamweleza habari za tanuri, za mabonge meusi, na za bibi. Aliacha kutafuna. "Kwa hiyo una unga wa chuma shingoni," alisema, "na wewe umeingizwa ndani ya sumaku."

Akatuchorea nyuma ya karatasi ya karanga. Sumaku ni moja na shingo ni moja, alieleza, lakini njia za kupiga picha ni nyingi, na kila njia inajua jambo lake na ina udhaifu wake. Shingo imejaa mafuta, na mafuta yanang'aa kwenye picha, na ugonjwa nao unang'aa. Ili uuone ugonjwa, lazima uyazime mafuta kwanza. Njia ya kwanza inayatambua mafuta kwa mlio wake na kuyanyamazisha. Ni ya haraka, na picha zake ni safi sana. Lakini chuma kikikaa jirani, hata unga tu, ule mlio unabadilika na mashine inayapita mafuta bila kuyajua, nayo yanabaki yanang'aa. "Hapo msomaji anaandika ugonjwa umesambaa," alisema, "na mimi simlaumu, kwa sababu kwenye picha anaona hivyo." Njia ya pili haisikilizi mlio. Inangoja ile nukta ambayo mafuta yamezimika yenyewe, ndipo inapiga. Inachelewa, na picha zake zina chengachenga, lakini chuma hakiisumbui sana. Mama Salma akauliza, "Na shimo jeusi je?" Rehema akasema ziko picha za harakaharaka ambazo punje ya chuma inachimba ndani yake shimo kubwa kuliko yenyewe, na ziko nyingine za taratibu ambazo shimo linabaki dogo. Tukizipiga zote na kuziweka pamoja, kile kinachobadilika ukubwa ni chuma, na kile kisichobadilika ndio uvimbe. Mama Salma akaniangalia na kunigonga paja. "Juani na kivulini," alisema. Rehema hakujua kwamba hayo ni maneno ya dukani, lakini akakubali kwamba ni hivyohivyo.

Tatizo moja lilibaki. Njia za taratibu zinataka shingo isicheze kabisa, na shingo inacheza kila ukimeza mate. Watu wengi walishindwa, Rehema alisema, hasa wenye uvimbe pale, maana wao mate huwajaa haraka. Akanilaza, akanifunika zile chale kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi ili zisipate moto, akanipa mpira, akaniahidi kwamba nikibonyeza atasimama. Nikaingia. Kabla ya kila picha sauti yake ilikuja: "Meza sasa, Vero. Basi, usimeze tena." Nikalegeza ulimi chini. Nikapumua kwa pua. Kinywa kikajaa, kelele zikagonga, na mimi nilikuwa kwenye kigoda mlangoni pa Kasense, mwanga unaniangukia upande mmoja wa uso, mkono wa bibi umeshika kidevu. Sikumeza. Waliponitoa Rehema alisema hajawahi kupata shingo iliyotulia hivyo, akaniuliza nimefundishwa na nani. Nilipomwambia alitikisa kichwa muda mrefu, na akanipa karanga.

Tulizirudisha picha kwa yule daktari. Alizibandika za zamani na mpya pamoja, akavuta kiti. Ule weupe wa kwenye taya haukuwepo kwenye picha za njia ya pili. Lile shimo jeusi lilikuwa limesinyaa na kubaki vidoa chini ya ngozi, kila kidoa chini ya chale yake. Na katikati, peke yake, palikuwa na uvimbe wa mviringo wenye ukingo safi, umeusukuma mshipa wa damu pembeni bila kuuzunguka. Safari hii aliongea na mimi. "Taya siigusi," alisema. "Na mshipa wa sauti naona nafasi ya kupita kando yake." Alipita. Uvimbe haukuwa saratani. Nilipozinduka, neno la kwanza nililosema lilikuwa jina langu, likatoka limekwaruza lakini limetoka na sauti ndani yake, na Mama Salma akajifuta machozi kwa ncha ya baibui akisema sasa wateja watakoma.

Nilirudi Kasense nikiwa na bandeji. Nilimweleza bibi yote, pia ile sehemu ya unga wake kuipotosha picha, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alistahili kuambiwa. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nilitaka kukuua?" Nikamwambia hapana, bibi. Nikamwambia dawa yako haikuniponya, na siwezi kusema iliponya. Lakini ulinifundisha kutomeza mate, na bila hilo nisingekuwa naongea na wewe sasa. Alifikiri, akasema, "Basi nitaacha kupaka chuma," na kweli hakumpaka tena mtoto yeyote. Kisha akaniambia nile, maana nimekonda huko pwani, na tukala ugali wa ulezi na maharage yale yale mpaka nikashindwa kuinuka. Wanaomwita mshamba hawakuwepo pale kuona alivyoweza kusikia jambo, likamuuma, na akabadilika.

Siku ya mazishi nilipewa nafasi ya kusema neno. Nilisema hayo niliyoyaandika hapa, kwa ufupi, bila kipaza sauti, na walinisikia mpaka wale waliokuwa wamesimama barabarani na baiskeli zao. Shangazi zangu walinuna kwa sababu nilisema dawa haikuponya. Deo alinuna kwa sababu sikusema nimesamehe. Sikumbembeleza mtu.

Miezi michache baadaye kichwa kilinisumbua, na Deo, kwa wema wake, akanipeleka hospitali anakofanyia kazi nikapigwe MRI. Kijana wa pale akasimama mlangoni akauliza kama anavyowauliza wote, "Mama, una chuma chochote mwilini?" Deo akafungua mdomo anijibie. Nikamwekea mkono kifuani. "Ninacho," nilisema, na watu wote wa kwenye benchi wakageuka. "Unga wa chuma, hapa shingoni, nilipakwa na bibi yangu. Natoka Sumbawanga. Nitahitaji kitambaa cha maji baridi, na picha zinazofika karibu na shingo uzipige kwa ile njia ya polepole." Kijana akatazama zile chale, akamtazama Deo. Deo akakunja mikono ya koti lake jeupe, akaenda bombani kuloweka kitambaa.